Chochote Chenye Macho

Siku ile ilitosha niseme, "Mama yangu mwacheni, ni mzee." Badala yake nilisimama mbele ya jumuiya yetu, nikasema nyumba yangu yote itafunga, na mama yumo. Hakuna aliyenilazimisha. Mama mwenyewe hakuwepo. Alikuwa nyumbani, amekaa mlangoni na ungo wa mchele mapajani, hajui kwamba mwanawe anamwekea nadhiri.

Ilikuwa miaka ya tisini, pale Ifakara, wakati mtu wa kwenda Mahenge anasubiri pantoni Kivukoni mpaka ije ng'ambo hii. Mimi nilikuwa mfanyabiashara wa samaki. Nilinunua kwa wavuvi pale pale mitumbwi inapofika, wabichi nikawapeleka sokoni kwa baiskeli, na waliobaki nikawabanika kwenye kichanja nyuma ya nyumba. Biashara hiyo ndiyo iliyomlisha mama, mke wangu na watoto, na sikuwa na haya nayo, ingawa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na wenzangu wa darasani walikuwa makarani.

Sisi ni Wakatoliki. Kwaresima inapoingia tunaacha nyama. Lakini kwetu kuacha nyama si kazi kubwa. Nyama tulikula Krismasi na kwenye harusi. Mboga yetu ya siku zote ni samaki, na samaki hakatazwi. Kwa hiyo Kwaresima kwa mtu wa Kilombero ilikuwa ikipita kama kipindi kingine chochote, sala nyingi na perege sahanini.

Mwaka ule mwenyekiti wa jumuiya, fundi cherehani mmoja aliyependa kusikilizwa, akasema tunajidanganya. Akasema mfungo usiouma si mfungo, basi safari hii tuache na samaki. Kina mama wakaguna. Mmoja akauliza kama dagaa ni samaki au ni kiungo. Mwingine akauliza habari za mayai. Mwingine akataka kujua kuhusu kumbikumbi, maana mvua zilikuwa karibu. Mjadala ukawa mrefu, na mwishowe wakanigeukia mimi niliyesoma, niwatungie neno moja la kufunga mlango.

Nikawaambia, "Tusile chochote chenye macho."

Walilipenda sana. Mtu akasema yai halina macho, nikajibu kwamba ukiliacha litayaota. Wakacheka, wakakubali. Hapo ndipo mwenyekiti akaniangalia kwa tabasamu lake la upande mmoja, akasema, "Maneno mazuri, ndugu yangu. Lakini wewe utaweza? Hata kitabu chako cha nyimbo kinanuka perege."

Chumba kizima kikacheka, mke wangu naye akacheka. Wakuu wa nyumba wengine walikuwa wameahidi kwa ajili yao na wake zao tu, wazee na watoto wakaachwa kama ilivyo desturi. Mimi nikataka kuwapita wote. Nikasimama, nikamtaja na mama.

Nilipomweleza jioni ile, hakukasirika. Aliweka ungo chini, akaniuliza nilisema vipi, kwa maneno yenyewe. Nikamwambia. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Haya, mwanangu," akaenda kulala.

Majivu tulipakwa Jumatano. Jioni mke wangu akaleta wali na kunde za nazi, akijua amefanya vema kabisa. Mama akachukua kunde moja, akaigeuza kwa ukucha karibu na kibatari, akaiweka pembeni ya sahani.

"Hii ina jicho," akasema.

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akatuonyesha lile doa jeusi tunaloliita jicho la kunde, ambalo kila mtu analiita hivyo na hakuna aliyewahi kulifikiria. Kisha akaomba asiwekewe mchuzi pia, maana una tui, na nazi ina macho matatu, mtoto yeyote aliyefua nazi anajua. Mke wangu akaacha kucheka kabla yangu.

Nikamweleza kwamba nilikusudia wanyama.

"Hukusema wanyama. Ulisema chochote. Wewe ndiye uliyesoma."

Tangu jioni ile tukaanza kugundua kwamba bonde zima linatutazama. Kiazi kina macho, ndipo kinapochipulia. Nanasi ni macho matupu. Mua una macho kila kifundo. Maharage nayo yana kijicho pale yaliposhikamana na ganda lake, na mama alisema ni kidogo lakini kinaona. Sijui hata leo kama alianza kwa kunitania. Mama alikuwa na utani wa aina hiyo, mkavu, usioonekana usoni. Lakini kama ulikuwa utani, aliula utani huo siku baada ya siku pamoja na wali mweupe na matembele ya kuchemsha kwa chumvi, bila nazi, bila samaki, bila kitu.

Na hakuwa anakula. Alikuwa anagusa. Huyu ni mtu aliyezaliwa Michenga, akakua na maji ya mafuriko yakiingia hadi kizingitini, mtu ambaye hakuwahi kumaliza siku mbili bila samaki. Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Akaniambia mama anakaza kanga yake mara kwa mara, kwa sababu inateleza. Nikamtazama vizuri, nikaona mifupa ya mabega.

Nikaenda kwa padre. Akashangaa, akasema Kanisa halimdai mzee kufunga, aende akale samaki wake kwa amani. Nilirudi nikiendesha baiskeli kwa furaha kama mtu aliyebeba dawa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama padre ndiye aliyesimama kwenye jumuiya. Nikasema hapana. Akaniuliza nani alisimama.

"Mimi, mama."

"Basi nikila leo, wewe umesema uongo mbele ya watu. Sili."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nilikuwa nimemfunga kwa heshima yangu, na yeye alikuwa anailinda heshima hiyo kuliko nilivyoilinda mimi. Nilikuwa tayari kusimama tena mbele ya jumuiya na kuikana kauli yangu. Mke wangu akanizuia. Alisema nikifanya hivyo mama atajiona ndiye aliyenivunja, na uchungu huo utamzuia kula kabisa. Akasema mdomo wangu umeshafanya kazi yake, sasa nimwachie jiko.

Mke wangu alikuwa Mpogoro wa upande wa Mahenge. Alikuwa mpishi kama wanawake wengine wa mtaa wetu, hakuna aliyemsifu wala aliyemlaumu. Lakini kuanzia wiki ile alibadilika. Alianza kuonja vitu vibichi. Nilikuwa nikimkuta uani ana jani mdomoni, macho amefumba, anatafuna polepole kama mtu anayetafuta neno alilosahau.

Alianza na ufuta. Kwetu ufuta ulikuwa wa kukaanga na kutafuna, au wa kufanyia kashata, na mwingi uliuzwa kwa wanunuzi. Hakuna aliyeupikia wali. Yeye aliuloweka, akautwanga kwenye kinu mpaka ukawa uji mzito, akautia maji ya vuguvugu, akauchuja kwa kitambaa safi kama mtu anayechuja nazi. Likatoka tui, rangi yake si nyeupe sana, lina harufu ya kitu kilichokaangwa kwa mbali. Akapikia mchele wetu wa Ifakara. Wali ulipoiva, kila punje ilikuwa imesimama peke yake na inang'aa. Nilikuwa nimekula wali maisha yangu yote katika mji wa mpunga, na sikujua kwamba unaweza kuwa hivyo.

Mama alimaliza ile sehemu ndogo aliyowekewa. Hakuomba nyingine, lakini alimaliza.

Baadaye kikaja kisamvu. Kulikuwa na togwa iliyobaki ya watoto, imelala na kuanza kuchachuka, mtu mwingine angeimwaga. Mke wangu akaitia kwenye kisamvu kilichokwisha kuiva, pamoja na ufuta uliosagwa. Mimi nilikuwa pale, nikamwambia anaharibu mboga. Akaendelea kukoroga. Kisamvu kikawa na uchachu wa mbali na utamu wa mbali, kizito, kinashika tonge. Watoto walilamba mwiko, wakagombana.

Lakini mama bado alikuwa akikaza kanga. Alikula kwa adabu, kumridhisha mkwe wake. Jioni moja mke wangu alimuuliza wazi anakosa nini. Mama alifikiri. Akasema samaki mwenyewe hamkumbuki sana. Anakumbuka harufu inayobaki vidoleni asubuhi yake.

"Ni moshi," mke wangu akaniambia. "Mama anataka moshi, basi."

Kesho yake nilipokwenda mtoni alichukua mabilinganya, akayapanga kwenye kichanja changu, akawasha pumba za mpunga chini yake. Pumba haziwaki moto, zinafuka tu, kutwa nzima. Jioni mabilinganya yalikuwa yamekunjamana na kuwa ya kahawia. Akayamenya, akayachana nyuzi nyuzi, akayapika kwenye karanga zilizotwangwa na ukwaju. Akamwekea mama.

Mama alisogeza pua, uso ukabadilika. Akarudisha mkono.

"Mnanidanganya," akasema. "Huyu ni kambale."

Mke wangu akaapa. Akakimbia uani, akaleta bilinganya moja zima lililobaki, akamwekea mkononi. Mama akaligeuza. Akauliza kama lina kichwa. Mke wangu akasema lina kikonyo tu. Mama akalinusa tena, akatikisa kichwa, akasema macho huenda halina, lakini limelala kitanda kimoja na wenye macho. Hakula.

Alikuwa sahihi. Kichanja kile kilikuwa kimekunywa mafuta ya samaki tangu nilipokijenga. Ilitosha ukipitie karibu ujue. Basi asubuhi sikwenda Kivukoni. Nilikata miti mibichi, nikajenga kichanja kingine upande wa pili wa uwanja, mbali na kile cha biashara, mama akiwa amekaa kwenye kigoda ananisimamia. Nilipotaka kutumia waya wa kile cha zamani alikohoa. Nikasuka kwa fito. Sikuwahi kujenga kitu kwa uangalifu kama ule, na sikuwahi kusimamiwa na msimamizi mkali kama yule.

Mabilinganya ya kichanja kipya yalipoiva, mama alichukua tonge la kwanza taratibu, akachovya, akatafuna. Akachukua la pili. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika upawa, amesahau kwamba ameushika, mchuzi unadondoka kwenye miguu yake. Mama akala mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akanusa vidole vyake.

"Mkwe," akasema, "bado ipo chunguni?"

Ningependa msomaji aelewe furaha ya nyumba ile. Nimeshuhudia watoto wangu wakifaulu mitihani, nimeona timu yetu ya mtaa ikishinda mpira, lakini sijaona ushindi kama ule wa mama yangu kuuliza kama bado ipo.

Baada ya hapo mke wangu hakushikika. Kila kilichoweza kubanikwa alikibanika. Mvua zilikuwa zimeanza, watoto wakileta uyoga kutoka mashambani. Akaubanika, kisha akaupika na ndizi mzuzu zilizoiva mpaka maganda yamekuwa meusi, akatia pilipili kichaa na ndimu. Utamu, moshi, ukali na uchachu, vyote katika kijiko kimoja. Nilipoambiwa kwamba usiku huo ni uyoga na ndizi mbivu nilifikiri ni adhabu. Niliomba mara tatu.

Jirani yetu upande wa bondeni alikuwa mama mmoja wa Kisukuma. Yeye na mumewe walikuwa wamehamia na ng'ombe wao, na watu wengi wa mtaa hawakuwachangamkia kwa sababu ya ng'ombe kuingia kwenye mpunga. Mama yangu alikuwa akisalimiana naye. Asubuhi mama alikuwa akitangulia, "Mwangaluka," kwa lafudhi mbaya, na yule mama akicheka na kujibu kwa shikamoo. Aliposikia kwamba mzee halili viazi kwa sababu ya macho, alikuja na kikapu cha michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani ambavyo kwao ni akiba ya njaa.

Tukamtazama mama. Alikishika kipande, akakigonga juu ya kigoda, kikalia kama kijiti. Akauliza kama vilimenywa kabla ya kukaushwa. Yule mama akasema ndiyo, vilimenywa kwao, vilikuja na shemeji yake safari hii.

"Basi macho yamebaki Usukumani," mama akasema. "Hivi nitakula."

Mke wangu na yule mama wakapika pamoja. Kisukuma michembe huchemshwa na kuliwa na karanga. Mke wangu akaongeza ukwaju na chumvi, mchuzi ukawa mzito wa kahawia, utamu wa kiazi ukakutana na ukali wa ukwaju. Yule mama wa Kisukuma alionja, akasema kwao wangemcheka kwa kutia ukwaju kwenye michembe. Kisha akachukua bakuli akampelekea mumewe.

Wiki ya tano ya Kwaresima zamu ya jumuiya ikaangukia kwetu. Sala zilikuwa zikizunguka nyumba kwa nyumba, na wenye nyumba hutoa chakula. Habari zilikuwa zimeshaenea kwamba namshindisha mama njaa ili nionekane mtakatifu. Mwanamke mmoja alikuwa ameniambia sokoni, akipima perege wangu kwa mkono na kuwarudisha, kwamba mama yangu ataona Pasaka akiwa mbinguni. Kwa hiyo siku ile watu walikuja wengi kuliko kawaida, na wengi hawakuja kusali.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele, kanga mpya, amenyooka. Nilimwona mwenyekiti akimtazama mara mbili. Mabega yalikuwa yamejaa tena.

Baada ya sala mke wangu akatoa chakula. Wakasema wali bila nazi ni wali wa hospitali. Wakaonja, wakasogeza sahani tena. Kukawa na kisamvu cha togwa, mabilinganya ya moshi, uyoga na ndizi, michembe ya ukwaju. Na mwisho likaja boga lililopondwa na ufuta wa kukaanga, juu yake amenyunyiza pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa ukawa bapa, kutoka shamba lililopandwa mapema. Boga laini, pepeta inalia menoni. Mwanamke yule wa sokoni aliuliza kwa sauti ya chini ni samaki gani aliye kwenye karanga, kwa sababu nadhiri ni nadhiri. Mama ndiye aliyemjibu. Akamwambia samaki huyo anaitwa bilinganya, hana jicho, wala hana miiba, kwa hiyo asiogope kumeza.

Walicheka mpaka mzee mmoja akakohoa.

Yule jirani wa Kisukuma alikuwa amesimama upande wa nje wa ua, kwa kuwa yeye si mtu wa jumuiya na alijua wanavyomtazama. Mama alimwona. Akauliza, "Michembe yake iko chunguni, mwenyewe yuko wapi?" Hakuna aliyepinga. Wakasogea, akakaa karibu na mama, na mwenyekiti mwenyewe akampitishia maji ya kunawa.

Mwenyekiti alimaliza sahani yake akaifuta kwa kidole. Kisha akasimama, akasema yeye ni mtu wa kukosoa, na amekuja amejiandaa kukosoa, lakini mdomo umejaa. Akaomba kina mama wajifunze kwa mke wangu. Wiki ile ile walikuja na vinu vyao. Uwanja wetu ukafuka moshi wa pumba asubuhi hadi jioni, mabilinganya ya nyumba tano yakiwa yamejipanga kwenye kichanja kimoja, na mama kwenye kigoda chake akihakikisha hakuna aliyeleta waya uliowahi kugusa samaki. Yeye aliyekuwa anakufa kwa njaa akawa hakimu. Nakumbuka nilisimama pale na baiskeli yangu, nikajisemea kwamba neno langu limezaa vizuri.

Ndivyo nilivyoamini mpaka Pasaka.

Jumamosi Kuu nilikwenda Kivukoni mapema, nikawaambia wavuvi nataka kambale wa mama yangu. Walinijua. Wakanichagulia mmoja mwenye kichwa kipana, bado anachapa mkia. Nyumbani kwetu kichwa cha samaki ni cha mama, hakuna anayekigusa. Na si kula tu. Tangu nilipoanza kazi ile, kila nikitoka mtoni mama alikuwa akimpokea samaki kabla hajapikwa, anamgeuza, anamfunua shavu, ananiambia huyu ametoka mto mkubwa au kwenye bwawa, maji yanapanda au yamekata, mvuvi wake ni mvivu au ana bidii. Mara nyingi alipatia. Mimi nilibisha makusudi ili aendelee. Mimi na mama hatukuwa watu wa maneno mengi. Mazungumzo yetu yalikuwa hayo, juu ya samaki mmoja, kila siku.

Jumapili tuliimba Aleluya mpaka sauti zikakauka. Tukarudi, mke wangu akapakua. Nikamwekea mama kichwa cha kambale kwa mkono wangu mwenyewe.

Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akakisogeza kwangu, kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu cha mgeni.

"Asante, mwanangu. Lakini ananitazama."

Nilicheka. Nikamwambia Bwana amefufuka, mfungo umekwisha.

"Najua umekwisha, kengele nimeisikia," akasema. "Nimekula samaki tangu nikiwa na meno ya kwanza, sijawahi kuliona jicho lake. Wewe ulinionyesha. Sasa siwezi kutoliona."

Akamgeukia mke wangu, akauliza kama kuna mabilinganya. Yalikuwepo. Mke wangu aliyaleta, na sikuweza kumlaumu kwa jinsi uso wake ulivyong'aa, kwa sababu alikuwa ameshinda hata samaki. Watoto wakamfuata bibi yao. Mimi nikala kile kichwa peke yangu.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, ana nguvu, anatembea kwenda kanisani kwa miguu yake. Mapishi ya mke wangu yalitembea kuliko sisi. Alikuwa akiitwa kwenye maharusi, na niliwahi kukuta wali wa tui la ufuta kwa watu ambao hawakujua ulikotoka. Yule jirani wa Kisukuma akawa ndugu. Hayo yote ni mema, na siyaondoi hata moja.

Lakini nilipotoka mtoni nilianza kupitia mlango wa nyuma, kapu limefunikwa, ili mama asione. Naye akiniuliza habari za kazi, nilijibu nzuri, akasema haya. Nilitaka watu waone kwamba nyumba yangu yote iko nyuma yangu, nikamtoa mama yangu sadaka bila kumuuliza. Ndiyo gharama yake. Mama alikufa hajala tena kitu nilichomtolea mtoni, na mpaka tunamzika hatukupata kitu kingine cha kuzungumza, yeye na mimi.